Stendi Ndiyo Isafiri, Kitabu Kibaki

Kitabu cha ubatizo kilichoandikwa kwa wino miaka mia iliyopita hakifai kulazwa kifudifudi juu ya mashine ya fotokopi. Uti wake utapasuka, nyuzi zilizoshona karatasi zitakatika, na maneno yaliyo karibu na mshono yatatoka meusi yasisomeke. Ukikifunga kwenye mfuko na kukipandisha basi kwenda mjini kikapigwe skana, umekiongezea vumbi, mvua, mikono ya watu wasiojua wameshika nini, na uwezekano wa kutorudi kabisa. Kwa watu wa Mwimbi, huku wilayani Kalambo karibu na mpaka wa Zambia, njia salama ni ya kinyume. Kitabu kikae kilipo, kamera ikifuate. Ili kamera ifanye kazi ya skana, inahitaji stendi tu, na stendi hiyo seremala wa madirisha na vitanda anaiweza.

Maandishi yaliyotawanyika huku juu Ufipa ni mengi kuliko watu wanavyodhani. Wamisionari wa Afrika, maarufu kama White Fathers, walipokea ngome ya Karema kutoka kwa Wabelgiji mwaka 1885, kisha wakapanda nyanda za juu na kufungua misheni moja baada ya nyingine. Kila misheni ilitakiwa kuandika shajara, mbali na vitabu vya ubatizo, ndoa na vifo. Wajerumani nao walikuwa na boma lao Bismarckburg, ndiyo Kasanga ya leo. Mwanahistoria Kathleen Smythe, alipoandika kitabu chake Fipa Families kilichotoka mwaka 2006, alichota kwenye kumbukumbu za misheni na kwenye vinywa vya wazee. Kisha kuna karatasi ambazo hakuna mwanahistoria aliyezifikia: leja za vyama vya msingi vya ushirika, daftari za wakazi, vitabu vya matukio vya shule za msingi, kumbukumbu za kwaya, barua za ukoo kuhusu mpaka wa shamba. Hizi hazina nakala Roma wala Dar es Salaam. Mchwa akiingia kabatini, basi.

Wanaofanya kazi hii kimataifa wameshaamua kwamba karatasi asilia haisafiri. Endangered Archives Programme, mpango wa Maktaba ya Uingereza ulioanza mwaka 2004, unaweka sharti kwamba nyaraka zisitoke katika nchi yake. Mpango huohuo ndio uliofadhili upigaji picha wa hati za msikiti wa Riyadha wa Lamu, na hati hizo zimebaki Lamu. Uzoefu wao wa kupiga picha mahali pasipo umeme wa uhakika waliuandika katika kitabu Remote Capture cha mwaka 2018, ambacho mtu yeyote anaweza kukisoma bure. Na miaka tisa kabla ya hapo Mmarekani Daniel Reetz alikuwa ameonyesha hadharani skana ya vitabu aliyoiunda kwa kamera mbili za bei nafuu na vifaa alivyookota kwenye taka. Watu wa mabara mengi wakaiga, wakarekebisha, wakarahisisha. Ninayoieleza hapa ni ya familia hiyohiyo, imerahisishwa zaidi, kwa simu moja na mbao.

Kwanza tuelewe stendi inafanya nini, maana wengi hudhani kazi yake ni kuzuia mkono usitetemeke. Hiyo ni nusu ya kazi. Nusu kubwa zaidi ni kuweka uso wa kamera sambamba na uso wa ukurasa. Kamera ikiinama kidogo tu, upande mmoja wa ukurasa unakuwa karibu na lenzi kuliko mwingine, na mstatili unageuka kuwa umbo la sufuria, pana juu na nyembamba chini. Herufi za upande wa mbali zinapungua na ukali wake unafifia. Programu inaweza kunyoosha umbo, lakini haiwezi kurudisha nukta ambazo kamera haikuzichukua. Kwa hiyo ubora wa picha ya kitabu huamuliwa zaidi na pima maji na timazi ya fundi kuliko bei ya simu. Nimeona picha za simu ya kawaida iliyowekwa sawasawa zikishinda za kamera ghali iliyoshikwa mkononi, na sina shaka kwamba hilo ndilo jambo la kwanza mtu wa Mwimbi anapaswa kulijua kabla hajaanza kuwaza kununua kifaa.

Hesabu za nukta ni fupi. Kwa maandishi, kipimo kinachokubalika na wengi ni nukta 300 kwa kila inchi ya karatasi. Ukurasa wa A4 kwa kipimo hicho unahitaji pikseli 2480 kwa 3508, yaani megapikseli 8.7 hivi. Simu ya megapikseli 12 hutoa picha ya pikseli 4000 kwa 3000, kwa hiyo ukurasa mmoja wa A4 ukijaza fremu vizuri unapata zaidi ya 300. Ukitaka kurasa mbili kwa pigo moja, kipimo kinashuka hadi 240 hivi, na penseli iliyofifia inaanza kupotea. Ndiyo maana nashauri ukurasa mmoja kwa picha moja, hata kama kazi inakuwa ndefu mara mbili. Zile namba kubwa za megapikseli 48 au 108 zinazoandikwa kwenye maboksi ya simu zisikusumbue. Mara nyingi simu huunganisha nukta jirani na kukupa picha ya megapikseli 12 hivi.

Sasa mbao. Ubao wa chini uwe na sentimita 60 kwa 50, unene wa inchi moja au plaiwudi nene isiyopinda. Nyuma yake, katikati, simamisha nguzo ya mbao ya 2 kwa 2 yenye urefu wa sentimita 80. Mninga ni mzuri kwa sababu ukikauka hautikisiki wala haupindi kirahisi. Paini inatosha kama imekauka sawasawa, maana mbao mbichi iliyonyooka Machi itakuwa imejikunja Julai. Nguzo isipigiliwe misumari tu. Ikatwe ulimi, ubao utobolewe kwa patasi, viungane kwa gundi, kisha uweke mkono wa kona kuzuia nguzo isiyumbe mbele na nyuma. Katika kiungo hicho mwana Kalambo ana haki ya kujivunia: kwenye maporomoko ya mto Kalambo, mpakani hapohapo, watafiti wakiongozwa na Larry Barham walichimbua magogo mawili yaliyochongwa pengo ili moja likae juu ya jingine. Umri wake walioutangaza mwaka 2023 ni angalau miaka 476,000. Hakuna kazi ya mbao iliyounganishwa duniani inayojulikana kuwa ya kale kuliko hiyo.

Mkono unaobeba simu ndio wenye ujanja. Usihangaike na vishikio vya plastiki vinavyolegea. Chukua mbao mbili za urefu wa sentimita 40, zibane nguzo kulia na kushoto, zishikwe kwa boliti mbili zinazopita kwenye matundu uliyotoboa nguzoni kila baada ya sentimita 5. Juu ya mbao hizo, upande wa mbele, pigilia kirafu cha plaiwudi cha sentimita 15 kwa 20, chenye tundu la upana wa sentimita 3. Simu inalala hapo chali, kioo chake kikitazama juu na lenzi ikichungulia chini kwenye tundu. Uzito wake wenyewe unaishikilia. Gundisha vijiti vitatu vyembamba kuizunguka ili kila ukiitoa kuichaji irudi palepale. Ukipiga picha unatazama chini kama mtu anayesoma, shingo haichoki.

Mwenye kamera halisi atahitaji boliti ya kuishika kwa chini, na hapa pana mtego. Tundu la kamera ni la boliti ya robo inchi yenye meno 20 kwa inchi. Maduka ya vifaa vya ujenzi mara nyingi yana boliti za milimita 6, ambazo kwa macho zinafanana nayo kabisa. Ya milimita 6 ni nyembamba kidogo na meno yake yamekaribiana zaidi. Itaingia mzunguko mmoja au miwili, kisha ukiilazimisha itakula meno ya kamera. Nenda na kamera yenyewe dukani, ijaribu kwa vidole, na kama haizunguki kwa ulaini iache. Kamera ya aina hiyo ikiwa na lenzi ya milimita 50 itataka kukaa juu zaidi, kama sentimita 75 kutoka kwenye ukurasa, kwa hiyo nguzo nayo iongezwe urefu na ubao wa chini upewe jiwe au tofali nyuma ili stendi isianguke kifudifudi.

Ukimaliza kuunda, pima. Laza kioo cha kujitazamia juu ya ubao pale kitabu kitakapokaa, washa kamera, utafute taswira ya lenzi ndani ya kioo. Ikionekana katikati kabisa ya picha, kamera iko sambamba. Ikiwa pembeni, weka kipande cha karatasi ngumu chini ya upande mmoja wa kirafu mpaka irudi katikati. Kipimo cha pili kipo dukani kwa bei ya daftari: karatasi ya hesabu yenye visanduku. Ipige picha, ikuze, uhesabu pikseli za mstari wa juu na wa chini, wa kulia na wa kushoto. Zikilingana, fundi wako anastahili soda.

Sehemu ambayo wanaoanza huipuuza ni mahali pa kulaza kitabu, nami nitakaa hapo kidogo. Kitabu kizee hakitaki kufunguliwa hadi kilale bapa. Kifungulie pembe ya nyuzi 100 au 110 tu. Tengeneza kitanda cha umbo la herufi L: ubao mmoja umelala chini ya kamera, mwingine umesimama ukiegemea nyuma kidogo, na mahali vinapokutana acha nafasi ndogo ya uti wa kitabu. Nusu ya kitabu inalala, nusu inaegemea. Piga kurasa zote za kulia kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha zungusha kitabu upige za kushoto. Za kushoto zitatoka kichwa chini miguu juu, lakini programu yoyote ya picha itazigeuza zote kwa pamoja.

Tatizo linaanza unapofungua kurasa. Kila karatasi unayoigeuza inahama kutoka upande uliolala kwenda upande unaoegemea, kwa hiyo uso unaoupiga picha unazidi kushuka. Lenzi kuu ya simu nyingi huona urefu wa sentimita 33 hivi ikiwa umbali wa sentimita 25. Leja yenye unene wa sentimita 5 itakuwa imeshuka hadi umbali wa 30 ufikapo mwisho, na ukurasa wa mwisho utaonekana mdogo kwa sehemu moja ya sita kuliko wa kwanza. Ukali nao unaweza kuhama. Dawa ni vipande vya boksi. Kata kijiti chenye urefu sawa na umbali kati ya kirafu na ukurasa wa kwanza. Kila baada ya karatasi kadhaa simamisha kijiti hicho. Ukiona pengo, ongeza kipande cha boksi chini ya kitabu mpaka kijiti kiguse tena.

Karatasi iliyojikunja inahitaji kioo cha kuilaza. Kioo cha milimita 4 kinatosha, na fundi vioo akisugue kingo zote, zisikate karatasi wala vidole. Kiguse ukurasa kwa upole, bila kugandamiza. Kama wino unabanduka au karatasi inavunjika kama jani kavu, kioo kisiguse kabisa. Tumia vijiti viwili vya kushikilia pembezoni na ukubali mkunjo kidogo kwenye picha. Kioo pia hurudisha mwanga, na mara nyingi picha ya kwanza huwa na taswira ya simu yenyewe ikielea juu ya majina ya wabatizwa. Funika upande wa chini wa kirafu kwa kitambaa cheusi, ukiacha tundu la lenzi tu, na taswira hiyo itapotea.

Kuhusu mwanga, Ufipa ina neema. Anga ya mawingu hutoa mwanga laini usio na vivuli vikali, na baraza iliyo kinyume na jua inatosha kwa kazi nzima. Jua la moja kwa moja usiliruhusu; linafifisha wino na kukausha karatasi. Mwanga ukitoka upande mmoja, simamisha karatasi nyeupe pana upande wa pili iurudishe. Ukitumia taa, ziwe mbili za aina moja, kulia na kushoto, kwa mwinamo wa nyuzi 45. Kuhakikisha zimelingana, simamisha penseli katikati ya ubao: inapaswa kutoa vivuli viwili vyenye urefu mmoja na weusi mmoja. Kwa maandishi ya penseli yaliyofutika, piga picha ya ziada ukizima taa moja na kuishusha nyingine karibu na usawa wa karatasi. Mwanga wa pembeni huonyesha mifereji ambayo ncha ya penseli iliichimba, na jina lililokuwa limepotea husomeka.

Taa za umeme wetu hupepesa mara 100 kwa sekunde, ingawa macho hayaoni. Kamera ikifunga upesi sana huchora mistari ya giza kwenye picha. Kama simu inaruhusu kuchagua, weka moja ya hamsini au moja ya mia ya sekunde. Zima mapambo yote ya simu: kulainisha ngozi, kuongeza rangi, na zile programu za kuchanganua nyaraka zinazofanya karatasi iwe nyeupe pee. Weupe huo unafuta penseli, mihuri hafifu na alama za maji, vitu ambavyo ndivyo mtafiti atakavyovitafuta. Gusa ukurasa kwenye kioo cha simu na ushikilie mpaka ukali na mwanga vifungwe, ili picha ya 1 na ya 200 zifanane. Usibonyeze simu yenyewe wakati wa kupiga. Chomeka visikilizio vya waya, maana kwenye simu nyingi kitufe chake cha sauti hupiga picha. Na kama mashine ya kusaga mahindi iko jirani, ngoja ipumzike. Mtikisiko wake hupita sakafuni, ukapanda kwenye nguzo mpaka kwenye lenzi.

Asubuhi za Juni na Julai, simu iliyotoka kwenye baridi ya nje ikaingia chumba chenye moto huvaa ukungu kwenye lenzi. Iache ipate joto la chumba kwanza. Wakati wa masika kitabu kilichonyonya unyevu kisipigwe picha siku hiyohiyo. Kikae wazi kivulini penye hewa. Mikono inawe kwa sabuni na ikaushwe. Glavu hazihitajiki, kwani zinapunguza hisia ya vidole na ndizo zinazochana karatasi. Kulamba kidole ili kugeuza ukurasa kukatazwe kabisa.

Kabla ya picha ya kwanza ya kila kitabu, piga kadi iliyoandikwa mahali, jina la kitabu, mwenye kitabu, tarehe na jina la mpigaji, pamoja na rula ya sentimita. Majina ya mafaili yafuate mpango mmoja, mfano mwimbi_ubatizo_01_0001, yasiwe zile namba ambazo simu hujichagulia. Picha moja ya megapikseli 12 huwa na megabaiti 4 au 5, hivyo kitabu cha kurasa 300 kinakula gigabaiti moja na nusu. Weka nakala tatu kwenye vifaa viwili tofauti au zaidi, na moja ikae nje ya Mwimbi, Sumbawanga kwa mfano, ili moto mmoja usiziteketeze zote.

Ruhusa ni jambo la kwanza kwa utaratibu, ingawa nimelileta mwishoni. Vitabu vya parokia ni vya parokia, na paroko ndiye wa kuombwa. Majalada ya serikali na mahakama yanaongozwa na Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002, kwa hiyo usiyaguse bila kibali cha maandishi. Majina ya watu walio hai yanalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kupiga picha ili kuhifadhi ni jambo moja, kuyarusha kwenye WhatsApp ni jambo jingine. Kwa vitabu vilivyochapishwa, hakimiliki nchini hudumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Aux rives du Tanganika, kitabu cha Askofu Adolphe Lechaptois kuhusu watu wa huku kilichotoka mwaka 1913, kiko huru, maana mwandishi alifariki mwaka 1917. Vitabu vya Roy Willis kuhusu Wafipa haviko huru.

Picha zikiwa tayari, programu ya bure iitwayo ScanTailor itanyoosha mistari na kusawazisha pambizo za kitabu kilichochapishwa. Nyingine ya bure, Tesseract, husoma chapa na kuigeuza maandishi yanayoweza kutafutwa, na Kiswahili inakijua. Kifipa na Kimambwe haijafundishwa; itatambua herufi lakini itakosea maneno. Mwandiko wa mkono wa padre wa mwaka 1910 hauwezi. Huo utasomwa na binadamu, ukurasa kwa ukurasa, na anayefaa kuanza ni mtu wa hapohapo anayejua koo na majina ya vijiji. Mwenye majina ya ukoo kichwani atatambua jina ambalo padre Mfaransa aliliandika jinsi sikio lake lilivyolisikia, akaliandika pembeni kwa tahajia ya leo, na kuliweka kwenye faharasa ya parokia.